Mkanda wa Taimingi, Hilux ya Mzee na Mizani ya Kahawa

Chuo kimefunguliwa, nipo zangu hosteli hapa Iyunga, Mbeya. Umeme upo, chai ipo, rumeti hajaripoti kwa hiyo chumba chote changu. Watu wanasimuliana likizo. Mmoja alikuwa Zenji, mwingine alikuwa harusini Moshi wiki nzima, mimi wananishika mkono na kuniuliza mbona kucha nyeusi hivi. Basi leo nawajibu wote kwa mpigo: ni oili. Nimepiga sabuni ya unga, nimepiga mchanga, nimepiga mafuta ya taa, haitoki. Nilikuwa nyumbani Itumba tukifungua injini ya Hilux ya mzee.

Kwa wasiopajua, Itumba ndiyo makao makuu ya wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ndiyo maana wazee wengi kwetu ukiwauliza wanatoka wapi bado wanakujibu "Mbeya". Unashika barabara kuu ya Zambia, unapita Mlowo, unapita Vwawa, ukifika Mpemba, kabla hujaingia Tunduma, unakata kushoto. Hapo kuna lami ya kilometa 50 hivi mpaka Isongole, na ng'ambo ya Isongole ni Malawi, upande wa Chitipa. Kuna milima, kuna baridi, kuna kahawa, mahindi, maharage na parachichi. Gereji kubwa hakuna. Gari likikufia huku unaangalia Tunduma au unaangalia Mbeya, na kote huko unaangalia kwa hela.

Sasa hiyo Hilux. Ni dizeli, injini ya 3L, cc 2,800 kasoro kidogo, rangi ilikuwa nyeupe. Mzee aliinunua miaka minne iliyopita kwa mtu wa Tunduma, naye alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine. Nyumbani ile gari ni kama mtoto wa kwanza. Mkopo wangu wa Bodi haufiki asilimia mia, ile iliyobaki inalipwa na Hilux. Mdogo wangu wa kike yupo kidato cha tano, godoro, trunki, nauli na michango yake vyote vimetoka kwenye Hilux. Msimu wa kahawa mzee anabeba magunia ya wakulima kutoka vijijini kuyaleta kwenye ghala la AMCOS, kahawa ikiisha anabeba mahindi. Gari ikisimama wiki mbili, sisi wawili tunaanza kusikia shule ikitikisika.

Mwanzoni mwa Septemba, mimi nikiwa bado PT hapa mjini, simu ikaingia saa tano asubuhi. Mzee. Kwa kawaida huanza na hali ya hewa, halafu ng'ombe, halafu ndiyo shida. Siku hiyo alianza na shida moja kwa moja: "Gari imezima mlimani, haitaki kuwaka."

Alikuwa anatoka upande wa Bupigu na magunia ya kahawa. Anasema gari ilikuwa inapanda gia ya pili, haikukohoa, haikutoa moshi, ikakata tu kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Akajaribu stata. Stata ikazunguka, tena ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, vuuuum, kama haizungushi kitu. Wadau wa magari mnajua hiyo sauti. Dizeli nzima huzunguka kwa uzito, pah, pah, pah, kwa sababu inasukumana na hewa inayobanwa. Ikizunguka nyepesi namna hiyo maana yake hakuna kinachobanwa.

Nikamwambia, "Baba, usiguse tena stata. Wala msiisukume." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Tumeshaisukuma."

Kumbe kulikuwa na dereva mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi (wale wanaojua kila kitu, kila stendi ina mmoja) aliyesema hiyo ni dizeli imeingia hewa tu, igeuzeni iangalie mteremko, weka gia, achia klachi. Wakashusha magunia, wakaigeuza, wakasukuma mara tatu. Mzee anasema mara ya kwanza alisikia kama mtu anagonga sufuria ndani ya injini. Mara ya tatu hakusikia kitu. Ikavutwa kwa kamba na Canter mpaka nyumbani.

Ngoja nieleze kidogo, maana najua humu kuna watu wa ualimu na wa uhasibu. Ndani ya injini pistoni zinapanda na kushuka, na juu yake kuna valvu zinafunguka na kufunga kuingiza hewa na kutoa moshi. Valvu zinafunguliwa na kamshafti iliyo juu, pistoni zinaendeshwa na krankishafti iliyo chini. Hawa wawili lazima waende kwa hesabu moja: kranki ikizunguka mara mbili, kam izunguke mara moja, bila kukosea hata jino. Kinachowaunganisha kwenye 3L ni mkanda wa mpira wenye meno, na mkanda huohuo unazungusha pampu ya dizeli. Zamani kazi hii ilifanywa na gia au cheni. Mkanda wa mpira ulikuja kwenye gari la kuuzwa madukani mwaka 1962, gari la Kijerumani linaitwa Glas 1004, na kampuni yenyewe haikukaa sana, BMW waliinunua mwaka 1966. Mkanda una faida zake, ni mwepesi, hauna kelele, hautaki oili. Ila una siku zake za kuishi, na vitabu vya injini hizi huandika kilometa 100,000, ubadilishe.

Ukikatika, kam inasimama palepale na valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi. Pistoni hazina habari, zinaendelea kupanda. Kwenye baadhi ya petroli za Toyota za zamani, kama 3S-FE na 5A-FE, kuna nafasi ya kutosha, mkanda ukikatika gari inazima, unafunga mpya unaondoka. Kwenye dizeli hakuna mjadala. Hewa inabanwa karibu mara 22, nafasi pale juu ni ndogo kuliko unene wa daftari. Pistoni inakutana na valvu uso kwa uso, na valvu ndiyo inayopinda. Wenye IST na jamaa zake msinitumie ujumbe wa kutishika, zile zina cheni.

Nilimaliza PT katikati ya Septemba, siku hiyohiyo nikapanda gari ya Tunduma. Nikashuka Mpemba, nikafika nyumbani jioni. Hilux ilikuwa chini ya mparachichi, boneti wazi, kuku wamelala juu ya betri. Mzee hakusema mengi. Baada ya kula ndipo mama akanieleza kuna mtu amekuja kutoka Tunduma, ametaja milioni tatu, anaichukua ilivyo. Na fundi mmoja wa mjini amesema injini hiyo imekufa, dawa yake ni injini ya mtumba, milioni nne na laki mbili, ukiweka na kufunga ni kama tano. Mzee alikuwa anaelekea kukubali zile tatu. Nilimuona kwa jinsi alivyokuwa anaipangusa vumbi, kama mtu anayemwogesha ng'ombe wa mnadani.

Mimi nasoma mitambo, mwaka wa tatu. Thermodynamiki nimefaulu. Lakini injini ya dizeli ya watu, yenye ada ya watu ndani yake, sikuwahi kuifungua mwenyewe. Nikasema, "Baba, kabla hujauza tuifungue tuone imeumia wapi. Ikiwa imekufa kweli, milioni tatu bado itakuwepo." Hiyo ya mwisho sikuwa na uhakika nayo, yule mtu angeweza kushuka bei akikuta injini ipo kwenye beseni. Mzee akamtazama mama. Mama akasema fungueni.

Tukampata fundi wa palepale wilayani, mzee wa makamo, mikono yake kama mizizi. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza nasoma nini. Kuanzia hapo jina langu likawa "injinia", na alilitamka kwa namna ambayo hata kuku walielewa hakunisifu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuvua nguo. Maji ya rediata yakamwagwa, rediata ikatoka, feni ikatoka, mabomba ya dizeli ya kwenye nozo nikayafunga vikaratasi vya namba, fundi akacheka, akasema yeye anayajua kwa kuyaangalia. Kazi ikagoma kwenye nati ya puli ya kranki, ile kubwa ya mbele. Tukaweka gia ya tano, matairi tukayazuia kwa mawe, mdogo wangu akakaa kwenye usukani akakanyaga breki kwa miguu miwili, tukachomeka bomba la maji kwenye spana, wanaume watatu tukaning'inia. Ilipoachia ililia kama risasi, mama akatoka jikoni mbio.

Nyuma ya kava ndiyo tukamkuta marehemu. Mkanda ulikuwa umelowa oili, mpira umekuwa laini kama ubuyu uliolowekwa, na meno kama kumi hivi yamenyolewa upande mmoja. Yaani haukuwa umekatika katikati, ulinyolewa meno, ukawa unateleza juu ya puli. Oili ilitoka kwenye sili ya mbele ya kamshafti, ilishachoka siku nyingi. Mpira wa mkanda na oili havipatani, fundi yeyote atakwambia. Kwa hiyo hata mkanda ungekuwa mpya wa mwaka jana, kwa ile sili ungekufa tu.

Siku ya pili tukavua silinda hedi. Bolti zake hazifunguliwi ovyo, unaanza za pembeni unaelekea katikati, kidogokidogo kwa raundi kadhaa, hedi isije ikapinda. Hapa fundi alinizidi mbali, alikuwa anafanya bila kufikiri huku anasimulia habari za msiba. Tukaibeba watu wawili, tukaigeuza juu ya gunia, tukamimina mafuta ya taa kwenye matundu ya valvu. Yakivuja valvu haikai. Yalivuja sita kati ya nane. Kwenye pistoni kulikuwa na alama, vijimwezi vidogo vilivyochorwa na valvu. Hakuna iliyopasuka.

Mzee alikaa kwenye ndoo akaviangalia vile vijimwezi muda mrefu. "Hizi ndizo zile kelele za sufuria," akasema.

Swali langu kubwa lilikuwa kama fimbo za pistoni zimepinda, maana fimbo ikipinda hata kidogo ndiyo basi, yule wa milioni tatu apigiwe simu. Tukazungusha kranki kwa mkono, kila pistoni tukaifikisha juu kabisa, nikaweka rula ya chuma na kupima kwa fila inachungulia kiasi gani juu ya bloku. Kwenye hizi injini pistoni huchungulia kidogo, na kipimo hicho ndicho kinachoamua unene wa gaskiti ya hedi, ambayo huja kwa unene wa aina tatu. Wengi hawajui, wanakwenda dukani wanasema nipe gaskiti ya 3L, basi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikasoma karibu sawa. Nikapima tena. Zikasoma vilevile. Nikamwambia baba, "Huku chini ni wazima."

Tukabaki na ubishi wa valvu. Fundi akasema zile sita tuzipeleke kwa mtu wa mashine ya kukereza azinyooshe, ameshafanya hivyo kwenye Fuso na Fuso ikatembea. Nikamwambia, "Fundi, samahani, chuma kilichokwisha kupinda namna hii shingoni ukikinyoosha kinabaki na kidonda ndani. Kichwa cha valvu kikikatika gari ikiwa inatembea kinadondokea kwenye pistoni, na hapo ndiyo hiyo injini ya milioni nne." Akasema, "Injinia, hiyo ya vitabuni." Kukawa kimya. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka 30, na pale ni nyumbani kwa baba yangu, mgeni hajibiwi hovyo. Nikanyamaza. Mzee ndiye aliyeuliza swali la maana: valvu mpya moja bei gani? Elfu kumi na tano. Zote nane laki na ishirini. Akahesabu kwa vidole, akasema nane.

Hela ya wapi sasa. Mama alikuwa ametoka kuvunja kikoba, ana laki tisa, za kuezekea jiko. Jiko letu mvua ikinyesha anapika na mwavuli, sitanii. Alizitoa usiku kwenye kitambaa, akazihesabu mbele yetu sote, akasema, "Zikibaki nirudishieni." Hakuongeza neno. Nilipata shida kulala siku ile.

Asubuhi nikafunga hedi kwenye gunia, nikapanda nayo gari mpaka Mbeya, konda akanitoza kama abiria wa pili. Pale Mwanjelwa kuna vijana wana mashine za kazi hizi. Kwanza wakaisafisha, wakatafuta nyufa kwa njia ya kizamani kabisa: unapaka dizeli, unafuta, unapaka chaki, unasubiri. Penye ufa dizeli inachungulia kwenye chaki kama mstari wa kalamu. Nusu saa nzima niliitazama ile chaki kuliko nilivyowahi kutazama ubao wa mhadhara. Haikuchora kitu. Gaidi mbili za valvu zilikuwa zimepasuka, wakabadilisha, wakachonga viti, wakasaga valvu mpya mpaka zikaacha pete safi ya kijivu. Laki na thelathini.

Mkanda nikaufuata Tunduma. Jamani Tunduma! Malori foleni, wabadilisha fedha wanakuita mjomba, nusu ya watu wanaongea bei kwa kwacha. Duka la kwanza nikaonyeshwa mkanda wa elfu ishirini na tano, boksi zuri linang'aa, ila maandishi juu ya boksi yalikuwa na herufi moja imeruka. Meno yake ukiyabonyeza kwa ukucha yanabaki na alama. Nikarudisha. Duka la tatu nikapata wa elfu sabini na tano, maandishi yamechapwa kwenye mkanda wenyewe, na ukiukunja unarudi kwa nguvu. Nikachukua na roli zake mbili mpya, pamoja na sili za oili za mbele, ya kam na ya kranki. Kubadili mkanda ukaacha sili inayovuja ni kumnunulia mtoto viatu vipya halafu unampitisha mtoni.

Kufunga ndiyo raha yenyewe, na ndiyo iliyochukua siku tatu. Kati ya kam na kila valvu kuna kibati cha duara, na unene wa hicho kibati ndio unaoamua nafasi inayobaki: valvu za kuingiza hewa milimita 0.20 hadi 0.30, za kutoa moshi 0.40 hadi 0.50, injini ikiwa baridi. Vibati vipya ghali. Fundi akaingia nyumbani kwake akatoka na kopo la maziwa ya unga limejaa vibati vya injini zilizokufa tangu enzi hizo. Nikawa napima kwa maikrometa, naandika kwenye daftari, yeye anachambua. Saa nne nzima. Hesabu yenyewe ni nyepesi, unachukua unene wa kibati kilichopo, unaongeza nafasi uliyoipima, unatoa nafasi unayoitaka. Baada ya valvu ya tatu fundi akaanza kuniuliza jibu kabla ya kuchagua. Bado aliniita injinia, ila sauti ilishabadilika kidogo.

Halafu tukafika kwenye bolti za hedi. Kitabu kinataka kila bolti ikazwe Nyutoni-mita 78, kisha izungushwe nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Spana ya kupimia nguvu hatukuwa nayo, na ya kuazima ilikuwa Vwawa na mwenyewe amesafiri. Fundi akasema yeye hupima kwa bega. Simlaumu, bega lile limefunga injini nyingi. Lakini mzee ana mizani ya ndoano, ile ya kupimia kahawa, na hapo ndipo nilipoona ada ya miaka miwili inarudi. Ukiweka mkono wa spana wa nusu mita, ukaifunga mizani mwishoni ukaivuta kwa mlalo, ikisoma kilo 16 umefikia 78. Kilo 16 mara 9.8 mara nusu, pigeni wenyewe. Mdogo wangu akawa anasoma mizani kwa sauti, "kumi na mbili... kumi na nne... kumi na sita, acha!" na mimi navuta. Zile nyuzi 90 tukaziwekea alama kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, kila bolti nukta moja. Hilux ya mzee ndani imepakwa kucha.

Mkanda ukaingia. Alama ya kam, alama ya pampu, alama ya kranki, zote zikakaa mahali pake, roli ikaachiwa springi yake ivute. Hapo kila mtu alitaka stata ipigwe. Tukakubaliana kwanza kuzungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa sababu kama kuna valvu na pistoni zitakazogusana, bora uzisikie kwa mkono kuliko kwa stata. Mzee akaomba afanye yeye. Akazungusha polepole, kichwa kainamisha, anasikiliza. Mmoja. Mzito, lakini laini. Wa pili. Alama zikarudi palepale.

Dizeli ikapampiwa, nati za nozo zikalegezwa hewa itoke. Stata. Pah, pah, pah, ule uzito ukarudi! Haikuwaka. Tena. Ikatema moshi mweupe, ikagugumia kwa miguu mitatu, ikatetemesha mparachichi, kisha silinda ya nne ikaamka na ikatulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Fundi akaweka sikio kwenye bisibisi akagusisha injini sehemu mbalimbali kama daktari, akasema, "Imekaa."

Kitu kimoja kilinikera. Hizi Hilux za dizeli kwenye dashibodi zina taa imeandikwa T-BELT, inawaka kilometa zikifika za kubadili mkanda. Ya kwetu haikuwahi kuwaka miaka yote minne. Tulipoishusha dashibodi kuangalia, tundu la ile taa lilikuwa tupu. Mtu fulani, miaka ile kabla yetu, taa iliwaka akaona dawa ni kuchomoa balbu. Balbu ya shilingi mia tano. Mzee alicheka kicheko kifupi ambacho sijawahi kukisikia kwake. Tumeweka balbu mpya, na ndani ya boneti nimebandika karatasi ya nailoni yenye tarehe na kilometa, kwa mkono wangu, maana ile mita ya kilometa nayo simwamini tena aliyekuwa nayo.

Hesabu, kwa wanaopenda: valvu 120,000, seti ya gaskiti 110,000, mkanda 75,000, roli 60,000, sili 20,000, Mwanjelwa 130,000, oili na filta 85,000, fundi 150,000, nauli na vidogovidogo 60,000. Jumla 810,000. Mama alirudishiwa elfu tisini. Alizipokea, akazifunga kwenye kitambaa kilekile, jiko bado halijaezekwa.

Yule wa milioni tatu alirudi siku mbili baadaye, akakuta gari inanguruma. Akasema sasa anatoa sita. Mzee akamkaribisha chai.

Jana usiku mzee kapiga. Akaanza na hali ya hewa, akaenda kwenye ng'ombe, nikajua mambo si mabaya. Amemalizia magunia ya AMCOS, sasa yupo kwenye mahindi. Kuna tone la oili kwenye kava ya juu, dogo, gaskiti nitampelekea Krismasi. Bati za jiko ameshalipia kumi, zimebaki nane. Na yule dereva wa "sukuma tuachie klachi" alimsimamisha stendi akamwambia alijua tangu mwanzo kuwa ni mkanda.

Rumeti ndiyo anaingia sasa hivi na godoro, ngoja nikampokee.